Waridi Katika Chumba cha Ndizi

Mama yangu hajawahi kuomba kitu. Ninalisema hilo kwa hasira, si kwa kumsifu. Mwanamke asiyeomba kitu huwafundisha watoto wake kutompa kitu, na sisi wanawe tulikuwa wanafunzi wazuri sana. Ndiyo maana siku ile aliponiita nyuma ya nyumba yake, akiwa anatwanga majani ya muhogo ya sombe, akaniambia anataka mawaridi, niliushika mchi nikamwambia apumue kwanza, kisha aseme tena.

"Maroze," akasema. "Ile ya kweli, ya kufa. Sitaki ya plastiki."

Hapa Uvira maua ya arusi ni ya plastiki. Yanakodishwa pamoja na viti, pazia na ule upinde wa kupigia picha. Kuna shada moja jeupe ambalo limeshikwa na nusu ya wanawake ninaowajua. Lina ua moja limeungua kidogo kwa mshumaa, na ukitazama vizuri picha za arusi za mtaa wetu wa Rugenge utaliona lile lile, limeungua pale pale, mikononi mwa kila bibi arusi.

"Mama, ya plastiki haina tabu. Wanaileta, unashika, wanaondoa."

"Ndiyo vile nakatala," akasema. "Minye nimekaa kama mutu ya kukodi toka zamani. Ile siku nataka kushika kitu yangu."

Kisha akaninyang'anya mchi akaendelea kutwanga.

Ni lazima nieleze. Mama na baba waliishi pamoja tangu kabla sijazaliwa, wakatuzaa sote, wakatusomesha, na hawakuwa na ndoa ya kanisa. Baba hakuwa amemaliza mahari. Baba yangu si mtu mbaya, ni mtu wa kesho. Ng'ombe wa mwisho alikuwa anakuja kesho miaka yote ya utoto wangu, na wajomba zangu, ndugu za mama, waliapa kwamba hawatakanyaga kanisani mpaka ng'ombe huyo afike. Wote walikuwa wanaume, wote walikuwa na haki yao, na aliyekaa kwenye benchi ni mama.

Ninasema benchi kwa sababu ndilo ninalolikumbuka. Jumapili, wakati wa komunyo, watu wa mstari wetu walisimama kwenda mbele. Mama hakuruhusiwa, kwa hiyo alikaa. Lakini hukai tu; unawapisha wenzako. Alikuwa anageuza magoti yake upande mmoja ili wapite, na wakirudi anayageuza upande wa pili. Mimi nilikuwa mdogo, uso wangu uko karibu na magoti hayo. Utoto wangu wote katika kanisa ni magoti ya mama yangu yakipisha.

Basi mwaka huu ng'ombe alifika. Padri akaweka siku, Jumamosi asubuhi. Na mama, ambaye nywele zake zimeanza kuwa nyeupe, akaomba mawaridi yanayokufa, kwa sababu bibi arusi wetu, misa ikiisha, hupeleka maua yake kwa Bikira Maria, anapiga magoti, anayaacha pale miguuni. Ya plastiki ukiyaacha, mwenye kukodisha anakufuata nyuma anayachukua kabla hujafika mlangoni. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mama naye alikuwa ameliona.

Mawaridi ya kweli yanapatikana ng'ambo, Bujumbura. Nilivuka Alhamisi. Ijumaa ingekuwa nzuri zaidi kwa maua, lakini mpaka wetu una tabia zake. Leo uko wazi, kesho umeamka vibaya, na hakuna mtu mwenye akili anayeacha kitu cha Jumamosi hadi Ijumaa. Mtoto wangu wa mwisho, mchanga bado, alikuwa anaota meno, mwili wake una moto. Nilimwacha na mama mukwe. Nilitazama nyuma mara moja, nikapanda moto, ile pikipiki ya abiria, nikaenda kununua maua. Ukitaka kujua mimi ni mama wa namna gani, anzia hapo.

Mama mukwe wangu alikuwa amefika siku chache nyuma kutoka Katogota, huko kwenye bonde la Ruzizi, na mikungu ya ndizi. Ni mama wa kanisa la Kiprotestanti, pombe hagusi, kwa hiyo zawadi yake kwa arusi ya wakwe zake ilikuwa mutobe, ile juisi ya ndizi mbivu inayokamuliwa kwa mikono na majani makavu na kunywewa siku hiyo hiyo. Ndizi alizipanga katika chumba cha nyuma, akazifunika kwa majani ya mgomba na blanketi kuukuu, akachomeka chache zilizokwisha kuiva katikati ya zile mbichi. "Hizi zitaita zingine," akasema. Kila mwanamke wa kwetu anajua hilo. Ndizi mbivu inaita mbichi. Usipoweka ya kuita, zinaiva ovyo, moja leo, moja wiki ijayo.

Chumba hicho ndimo alimokuwa analala.

Kule Bujumbura mwuza maua alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye mdomo. Aliniuliza nitayaweka wapi. Nikamwambia nyumbani.

"Nyumbani iko na jua?"

"Uvira yote iko na jua."

"Basi utafute nafasi ya baridi, yenye giza, usiache upepo upite. Ukifika, ukate mashina kwa wembe, kwa kulaza, ndani ya maji, usikate hewani. Jani lolote linaloingia kwenye maji, toa. Maji ubadilishe kila asubuhi. Na usiache kila mtu ayashike. Waridi ni bibi arusi, akishikwashikwa anachoka kabla ya siku."

"Bibi arusi mwenyewe ana wajukuu," nikamwambia.

Akacheka hadi akaongeza moja bure.

Mpakani, askari aliona karatasi ya gazeti na vichwa vyekundu vikichungulia. Akauliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna. Mama yangu anaolewa."

"Mama yako anaolewa. Na weye ulitoka wapi?"

"Nilitoka mbele ya ng'ombe."

Watu wote kwenye mstari wakacheka, naye akanipisha. Nilifurahi. Nilikuwa najiona mtoto bora kuliko watoto wote wa mama yangu. Ninaikumbuka ile furaha kwa aibu, kwa sababu ilinifuata hadi nyumbani na ndiyo iliyonifanya niongee nilivyoongea.

Nyumba yetu ina chumba chetu, saloni ya kupokelea wageni, na hicho chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Mchana, chini ya bati, saloni ni tanuri. Chumba cha nyuma kimeegemea ukuta wa jirani, sakafu yake ni simenti, na ukiingia unasikia ubaridi kwenye nyayo. Baridi, giza, hakuna upepo. Nilisimama mlangoni na shada langu, nikamwita mama mukwe.

"Mama, nitaomba hii chumba."

"Ya nini?"

"Ya maua."

Alikuwa na mtoto wangu mgongoni. Akatazama maua, akatazama mkeka wake.

"Na minye?"

"Saloni, mama. Ni mpaka arusi iishe tu."

"Na ndizi?"

"Ndizi zibaki. Hazisumbui."

Ni mimi niliyesema. Hakuna mwingine wa kulaumu kwa neno hilo. Akainama, akakunja mkeka wake bila kumtoa mtoto mgongoni, akaupeleka saloni nyuma ya mlango. Mume wangu jioni alipomkuta mama yake anatandika chini, pale tunapovulia viatu, aliniangalia. Sikumwangalia. Nikasema maua hayapendi joto. Akasema, "Sawa," kwa sauti ile ambayo si sawa.

Nilifanya kila kitu nilichoambiwa. Bomba halikutoa maji siku hiyo, kwa hiyo nilichukua bidoni ya maji yaliyochemshwa, ya mtoto.

"Hiyo maji ni ya mutoto," mama mukwe akasema.

"Nitachemsha ingine."

Nilikata mashina ndani ya beseni kwa wembe mpya, nikiyalaza kama nilivyofundishwa. Nilitoa majani na miiba. Machache yalikuwa yamevunjika shingo njiani kwenye moto, mashina yake yamebaki mafupi kama kidole. Hayo niliyatupa nje karibu na ufagio, hayakufaa kwa shada. Mengine niliyatumbukiza kwenye ndoo hadi karibu na vichwa, nikayavika gazeti ili yasimame wima, nikayaweka kwenye pembe ya chumba, karibu na lile blanketi. Nikafunga mlango. Nikaziba hata nafasi ya chini kwa kitambaa cha kikwembe.

Maji mengine sikuchemsha. Nilisahau. Mama mukwe ndiye aliyekwenda kwa jirani na mtungi mdogo, akachemsha kwa makaa yake aliyokuja nayo. Nililijua hilo usiku kwa sababu chupa ya mtoto ilikuwa imejaa na mimi sikuijaza.

Ijumaa asubuhi nilibadilisha maji. Mawaridi yalikuwa yamefunguka. Jana yalikuwa yamefumba kama ngumi, leo yako wazi kabisa, mekundu hadi ndani. Niliona uzuri tu. Nikajisemea mkono wangu ni mzuri, maji ya mtoto yana baraka. Chumba kilikuwa kinanukia utamu mzito, ule unaokaa kooni, nikaona ni harufu ya arusi. Nikafunga mlango, nikaziba tena, nikaenda kwa mama kusaidia kupika. Mtoto nikamwacha tena na mama mukwe. Kule kwa mama nilishinda nikiwaambia wanawake wote walio na vijiko mkononi kwamba mama yangu atashika maua hai, na kwamba yako kwangu, na kwamba yamefunguka. Mama alikuwa anasuka nywele. Kila nilipopita aliuliza, "Bado yako?" Na mimi, "Yako, mama."

Nilirudi jioni, jua bado halijazama nyuma ya milima. Nikafungua.

Petali zilikuwa zimemwagika kwenye simenti kote kuzunguka ndoo. Yaliyobaki kwenye mashina yalikuwa yamekunja shingo, vichwa vimetazama chini, na nilipogusa moja liliachia lote mkononi mwangu, kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto anavyoachia manyoya. Hakuna hata moja la kushika. Maji yalikuwa safi. Ndoo ilikuwa safi. Mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyoufunga.

Nikatafuta mtu.

Mama mukwe alikuwa kwenye baraza anamtembeza mtoto. Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika yote. Nilimuuliza ameweka nini kwenye maji, ni chumvi au ni sabuni. Nilimwambia kwamba ninajua watu wa kanisa lake wanasema sisi tunaabudu sanamu, na kwamba hakutaka maua yafike kwa Bikira Maria. Nilimwambia alikuwa na wivu wa chumba. Yote hayo kwa sauti, na majirani wa kwetu hawafungi madirisha.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Umemaliza?"

Nikafinya petali mkononi.

"Minye nimeshinda na mutoto yako mugongoni. Mulango ulifunga weye. Ningeingia na mukono gani?"

Mume wangu alifika katikati ya hayo. Akasimamisha moto, akamtazama mama yake, akanitazama mimi na petali mkononi, akawasha moto tena akaondoka. Ndiyo hekima ya wanaume wa nyumbani kwetu.

Mama mukwe akapita mbele yangu, akaingia chumba cha nyuma. Nilidhani anakwenda kutazama maua. Alikwenda kwa ndizi zake. Kesho mapema alitakiwa kukamua. Akafunua blanketi. Zote zilikuwa njano, mkungu hadi mkungu, za juu na za chini, kwa siku moja. Ile harufu ikapanda ikanipiga usoni. Akaminya moja, akaridhika.

"Zimeitana muzuri," akasema, si kwangu, ni kwa ndizi.

Hapo ndipo nilipojua.

Mimi nimesoma. Nilifanya bio-kemia, nina diploma yangu ya sekondari kwenye sanduku chini ya kitanda. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba tunda linaloiva linatoa hewa fulani isiyoonekana, na hewa hiyo inaiambia mimea iliyo karibu iive nayo, izeeke, iachie. Nililiandika kwenye mtihani na nikapewa alama yangu. Na nyumbani tangu utoto najua ndizi mbivu inaita mbichi. Vitu viwili hivyo vilikaa kichwani mwangu miaka yote bila kusalimiana. Nikachukua maua ya mama yangu nikayafungia na wito ule, nikaziba hadi chini ya mlango ili usitoke. Kilichoita ndizi kiliita na mawaridi. Yaliitika.

Nilikuwa nimekwisha kusema niliyoyasema. Kelele yangu bado ilikuwa kwenye masikio ya majirani.

Mpaka ulikuwa umefungwa kwa siku hiyo, na misa ni asubuhi. Niliwahi kusikia kwamba waridi lililokunja shingo unaweza kulilaza lote kwenye maji ya vuguvugu likapata nguvu. Nikaenda kutafuta beseni kubwa. Liko saloni, nyuma ya mlango, na nilikuwa sijafika pembe hiyo tangu Alhamisi, kwa sababu sikutaka kuona mkeka wa mama mukwe pale nilipouweka. Nikavuta mlango.

Kando ya mto wake wa kulalia kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo mawaridi. Yale mafupi. Yale yaliyovunjika shingo niliyoyatupa kwenye ufagio. Yamesimama, yamefumba nusu, mekundu, kwenye joto la bati, kwenye maji ya ziwa ambayo hakuna mtu aliyeyachemsha.

Nilikaa chini kwenye mkeka wake. Alinikuta hapo.

"Mama, hii maua ni ya nani?"

"Ni yangu. Ulitupa."

"Ndiyo."

"Ulitupa, nikaokota. Ao na hiyo utasema nimeiba?"

Ningeweza kuomba radhi pale pale, palikuwa na nafasi, lakini nilikuwa nafikiria mama yangu na kesho, na ukiomba radhi huku unataka kitu, radhi hiyo ni ya mwizi. Au ndivyo ninavyojidanganya. Nilisema tu, "Mama, nipe."

"Omba vizuri."

"Naomba, mama."

Alimhamisha mtoto mgongoni, akamkaza kwa kikwembe, akaniacha nikisubiri. Kisha akachukua kopo akanipa.

"Ni kwa sababu ya mama yako," akasema. "Si kwa sababu yako."

Nililiweka kopo nje, barazani, upepo wa ziwa ukilipiga, mbali na ndizi. Sikulala vizuri.

Asubuhi nilifunga yale mashina mafupi kwa utepe niliochana kwenye kikwembe cha arusi yangu mwenyewe. Hayakuwa shada, yalikuwa ngumi. Mama alipoyashika, vidole vyake vilifunika mashina yote, ikawa kama maua yanaota kwenye mkono. Akayatazama. Akayanusa. Akaniuliza, "Yalikuwa hivi hivi madogo?" Nikasema, "Ndiyo, mama." Uongo wangu wa kwanza wa siku hiyo.

Kanisani mama alikaa mbele kabisa, kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe. Wakati wa komunyo ulipofika, yeye na baba walipewa kwanza. Sikumwona uso, niliona mgongo wake tu, na mgongo ulikuwa unatikisika. Kisha mistari ikaanza kusimama. Mstari wetu ukasimama. Na mama mukwe wangu, Mprotestanti, ambaye hapa hawezi kupokea, alikuwa amekaa mwisho wa benchi na mtoto wangu mapajani. Akageuza magoti yake upande ili watu wapite. Wakarudi, akayageuza upande wa pili.

Nilijua magoti hayo. Nilikua nayo.

Misa ilipoisha mama alipeleka maua yake kwa Bikira Maria. Mtu alikuwa amekwisha kuweka kopo pale, lile lile la maziwa. Nadhani ni mama mukwe, sikuuliza. Mama aliyatia ndani, akapiga magoti, akakaa muda hadi padri akakohoa. Hakuna aliyekuja nyuma yake kuyaondoa.

Kwenye karamu walikunywa mutobe. Mama mukwe alikuwa amekamua tangu alfajiri, mikono yake imekwaruzwa na majani makavu, akauchuja akaumimina kwenye vikombe vya watu. Wajomba zangu, wale wa ng'ombe, walikunywa wakaomba tena, wakasema mutobe kama huu haujafika Uvira. Ilikuwa ni zile zile ndizi. Mimi nilipewa kikombe nikakishika hadi kikapata joto mkononi.

Halafu mama yangu akasimama. Mama yangu, ambaye hasemi mbele ya watu.

"Nashukuru mutoto yangu mukubwa," akasema. "Alivuka mupaka, akaniletea maua ya uzima, akayachunga kwake mpaka leo. Muone, hayakufa."

Watu wakapiga makofi. Nilitazama upande wa mutobe. Mama mukwe naye alipiga makofi, mikono yake ina maji ya ndizi, inanata. Alinitazama bila kitu chochote usoni. Kulikuwa na nafasi ya sentensi moja. Ningesema, si mimi, ni huyu. Mdomo wangu uliodai sabuni na chumvi kwa sauti ya mtaa mzima, siku hiyo ulikuwa umeshonwa. Nikainama kama mtu anayeshukuru.

Kesho yake, Jumapili mchana, mama mukwe aliniambia, "Nipeleke nione kama yangali."

Tulikwenda kwa miguu, naye amebeba chupa ya maji. Kanisa lilikuwa tupu. Alisimama mbele ya Bikira Maria bila kupiga ishara wala goti, kama mtu aliyekuja kutazama shamba la jirani. Mawaridi yalikuwa mazima. Akalichukua kopo, akamwaga maji ya jana mlangoni, akatia mapya, akayarudisha, akayageuza ili lile lenye jeraha litazame ukuta.

"Hapa mutu wa kubadilisha maji hayuko?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Hamujui."

Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwangu, kwa mara ya kwanza siku hizo zote.

"Hujaniomba radhi," akasema.

"Nakuomba radhi, mama."

"Si hapa. Hapa si kwangu. Ulinitukana kwenye baraza, watu wanasikia. Utakuja kwangu, Katogota, wifi zako wanasikia. Na kuku."

"Ndiyo, mama."

"Kopo lile litarudi na weye."

Jumatatu alipanda gari akarudi Katogota. Mkeka aliuacha umekunjwa, umesimama nyuma ya mlango wa saloni. Hakuurudisha chumba cha nyuma.

Kuku nilinunua wiki hiyo hiyo, mwekundu, mnene, wa kumfurahisha mtu. Maua yalipokauka mtunza sakristia alinipa kopo, nimelisugua hadi linang'aa. Kila kitu kiko tayari. Mara barabara si nzuri, mara mtoto ana kikohozi, mara mume wangu anahitajika kazini na moto wake. Hizo ni sababu, na zote ni za kweli, lakini mimi ni binti wa baba yangu, ninaijua kesho ninapoiona. Nawaogopa wifi zangu wakiwa wamekaa kwenye baraza, mama yao katikati, mimi chini na kuku. Mama yangu akija kunitembelea hunisifia bado yale maua. Namwacha anisifie.

Nimemfunga kuku mguu kwenye chumba cha nyuma, kwa sababu ndicho chenye ubaridi. Jana nimekuta ametaga, juu ya blanketi lile la ndizi. Nilisimama na yai mkononi, lina moto bado. Kisha nikalikaanga, watoto wakala, wakaniuliza kama kesho litakuwepo lingine. Nikawaambia litakuwepo.

Lilikuwa yai la kuku wa mtu.